Mstari Ambao Haukuandikwa

Tuchukue mfano. Ni saa mbili na dakika saba usiku. Mfumo wa chama kimoja cha akiba na mikopo umegoma kupokea malipo kwa dakika kadhaa, kisha ukarudi wenyewe bila kuguswa na mtu. Mhasibu anampigia simu kijana wa TEHAMA. Kijana anafungua kompyuta, anaingia kwenye seva ya Ubuntu inayobeba kanzidata ya MySQL, anakwenda moja kwa moja /var/log/mysql na kulitazama faili la error.log. Faili lipo. Ukubwa wake ni baiti sifuri. Anarudi kwenye simu: "Kanzidata haina shida, mama. Logi iko safi."

Huenda anasema kweli. MySQL yenye afya, ikiwa katika mpangilio wake wa awali, inaweza kumaliza siku nzima bila kuandika hata neno moja. Lakini baiti sifuri zilezile huonekana pia pale seva inapoandika kwenye faili jingine, pale ilipoagizwa inyamaze, na pale ilipouawa kabla haijafungua kinywa. Kwa macho tu huwezi kutofautisha. Ndiyo maana naliona jibu la kijana yule kuwa la hatari zaidi kuliko kama angesema hajui: mhasibu sasa atalala akiamini kwamba tatizo liko kwa mtandao, au kwa kampuni ya simu, au kwa wanachama wenyewe.

Neno logi lilitoka baharini. Lilikuwa gogo lililofungwa kamba na kutupwa majini ili kupima mwendo wa meli, kisha likawa jina la daftari lililoandikwa vipimo hivyo, daftari ambalo mabaharia wa pwani yetu wanaliita batli. Aliyeandika batli aliandika alichoagizwa kuandika. Seva nayo ni vivyo hivyo. Mstari unaoutafuta usipouona, mara nyingi haukupotea kwa bahati mbaya. Kuna mtu aliamua usiandikwe, au uandikwe kwingine, au ufutwe baada ya siku saba. Mtu huyo anaweza kuwa mhandisi aliyeitengeneza programu, au aliyeifungasha kwa ajili ya Ubuntu au Red Hat, au mwenzako aliyehama kazi mwaka juzi. Upotevu wa kweli upo, na nitaufikia. Lakini anayeanza kwa kuuliza "nini kimeharibika?" hupoteza saa nyingi kuliko anayeanza kwa kuuliza "nani aliamua?"

Uamuzi wa kwanza kabisa ni kuhusu kitu gani kinastahili kuitwa hitilafu. Mtumiaji akituma amri ya SQL yenye kosa la sarufi, au akiingiza namba ya mwanachama ambayo tayari ipo, MySQL humrudishia kosa yeye aliyetuma, basi. Logi ya hitilafu haiguswi. Kwa fikra za waliotengeneza MySQL, seva imefanya kazi yake barabara kwa kukataa. Aliyekosea ni mteja, na ameshaambiwa. SQL Server ya Microsoft inafuata mantiki hiyohiyo: makosa ya kawaida ya watumiaji hayaingii kwenye ERRORLOG, ila yale yenye ukali wa daraja la 19 na kuendelea, au yale ambayo mtunzi wa amri ameagiza kwa makusudi yaandikwe. PostgreSQL imekwenda njia nyingine. Huko kosa la amri huandikwa, tena pamoja na amri yenyewe, kwa sababu kigezo cha log_min_messages huanzia WARNING na log_min_error_statement huanzia ERROR bila mtu kuvigusa. Aliyelelewa na PostgreSQL akihamia MySQL hukaa akisubiri mistari ambayo haitakuja kamwe.

Tofauti hiyo huuma zaidi kwenye miamala inayokwamishana, pale wawili wanaposhika kila mmoja kufuli analolihitaji mwenzake. PostgreSQL ikimkata mmoja wao, hiyo kwake ni ERROR, na utaiona kwenye logi. MySQL humkata pia, lakini hukumbuka tukio la mwisho tu, nalo utalipata kwa amri ya SHOW ENGINE INNODB STATUS; likitokea jingine, lile la awali limekwenda. Ukitaka yote yaandikwe ni lazima uwashe innodb_print_all_deadlocks, ambacho huja kikiwa kimezimwa. Naamini kigezo hiki kiwashwe siku ya kwanza katika seva yoyote inayoshika fedha za watu. Na kwa makosa ya wateja ambayo MySQL haiyaandiki, toleo la 8.0 lina jedwali la events_errors_summary_global_by_error ndani ya performance_schema: kila aina ya kosa, limetokea mara ngapi, lilionekana mara ya kwanza lini na mara ya mwisho lini. Wengi hawajawahi kulifungua.

Baada ya kuamua hitilafu ni nini, kuna suala la kiwango cha usemaji. MySQL ina kigezo cha log_error_verbosity chenye ngazi tatu: 1 huandika hitilafu peke yake, 2 huongeza maonyo, 3 huongeza taarifa za kawaida. Katika toleo la 5.7 kigezo hiki kilikuja kikiwa 3. Katika 8.0, lililotoka rasmi mwaka 2018, kilishushwa hadi 2. Badiliko hilo dogo limewachanganya watu wengi, kwa sababu taarifa za miunganisho iliyokatika ghafla na za watu waliokataliwa kuingia kwa nywila isiyo sahihi ziko ngazi ya 3. Timu inapandisha toleo wikiendi, Jumatatu mistari ile iliyozoeleka haipo, na watu wanashangilia kwamba toleo jipya limetibu mtandao. Halijatibu chochote. Tazama vihesabu vya Aborted_clients na Aborted_connects: kama vinaendelea kupanda huku logi ikiwa kimya, basi miunganisho inakatika kama zamani, na kilichopungua ni maandishi tu.

Hapa niseme kando jambo linalowatega wanaotumia mifumo yote miwili. PostgreSQL nayo ina kigezo chenye jina lilelile, log_error_verbosity, lakini maana yake ni nyingine kabisa. Huko hakichagui ujumbe upi uandikwe. Huchagua tu urefu wa maelezo ya kila ujumbe.

MySQL 8.0 iliongeza pia mfumo wa vijenzi katika njia ya logi: kigezo cha log_error_services hutaja vichujio na wapokeaji kwa mfuatano, na mfuatano huo una uzito. Kichujio huathiri wapokeaji wanaotajwa baada yake tu. Ukimwondoa mpokeaji kwenye orodha, ujumbe huchujwa vizuri kisha hauna pa kwenda. Kuna pia log_error_suppression_list, orodha ya misimbo ya kunyamazisha, ambayo hugusa maonyo na taarifa lakini haiwezi kuzima hitilafu zenyewe. Kwa SQL Server, swichi ya ufuatiliaji namba 3226 huficha taarifa za nakala rudufu zilizofanikiwa. Ni ya manufaa mpaka siku unapotaka kujua nakala ya mwisho ilichukuliwa lini na aliyeiwasha hakumwambia mtu.

Sasa saa. Kwa sisi wa Afrika Mashariki hili ni tatizo la kipekee, na sijaona likielezwa inavyostahili.

Tangu toleo la 5.7, MySQL huandika nyakati za logi kwa UTC. Mhasibu wetu alisema saa mbili na dakika saba usiku. Kompyuta ya Dar es Salaam au Nairobi inaonyesha 20:07. Logi, kama iliandika, imeandika 17:07 na herufi Z mwishoni. Tukio moja lina hesabu tatu za saa: ya mhasibu, ya ukutani na ya seva. Kijana akiwa na haraka hutafuta 20:07, haioni, anafunga. Akikosea zaidi hutafuta 02:07. Na matukio ya usiku wa manane yana mtego wa pili: kilichotokea saa nane usiku Jumatano kimeandikwa 23:00 ya Jumanne, kwa hiyo hata anayetafuta kwa tarehe anafungua ukurasa usio wake. Bukavu, Bujumbura na Kigali wako saa mbili mbele ya UTC badala ya tatu, basi ofisi zenye matawi pande zote hizo zina hesabu ya nne. Dawa kwenye MySQL ni kuweka log_timestamps kuwa SYSTEM, lakini mimi napendelea kuacha UTC ilivyo na kuwafundisha watu kuondoa saa tatu, kwa kuwa siku utakapolazimika kulinganisha logi za seva mbili zilizo nchi tofauti utashukuru. PostgreSQL hutumia log_timezone, ambayo kwa kawaida huwekwa kufuata mazingira ya mashine wakati kanzidata inaundwa. Mashine ya kukodi ughaibuni au kontena la Docker mara nyingi liko kwenye UTC, hivyo mtego ni uleule.

Lugha pia huficha. PostgreSQL iliyowekwa kwenye mashine ya Kifaransa, kama zilivyo nyingi Kongo na Burundi, inaweza kuandika ERREUR mahali pa ERROR, kulingana na kigezo cha lc_messages. Chombo cha ufuatiliaji kilichoagizwa kutafuta neno ERROR kitapita juu ya mistari mia bila kuona hata mmoja, na kibao chake kitabaki cha kijani. Hakuna kilichopotea hapo. Aliyetafuta ametafuta kwa jina lisilo lake. Vivyo hivyo kwa anayetumia grep kwenye mafaili yaliyokwisha kubanwa kuwa .gz, wakati amri inayofaa ni zgrep.

Tukifika kwenye mahali, swali la kwanza usiliulize faili, iulize seva. Kwenye MySQL, SELECT @@log_error. Jibu likiwa stderr, seva haina faili la logi: inasema kwa sauti, na anayesikiliza ndiye anayeamua pa kuyaweka maneno. Chini ya systemd anayesikiliza ni journald, na utasoma kwa journalctl. Ndani ya kontena, anayesikiliza ni Docker, na ukiliondoa kontena ili uunde jipya, logi imeondoka nalo. Kwenye Kubernetes unaweza kuomba logi ya kontena lililotangulia kwa chaguo la --previous, lakini ni hilo moja lililotangulia. Likianguka na kuinuka mara kumi usiku, tisa za kwanza huwezi kuzipata kwa njia hiyo. PostgreSQL toleo la 10 na kuendelea, mkusanyaji wake wa logi akiwa amewashwa, huweka faili dogo la current_logfiles ndani ya saraka ya data, linalotaja logi inaandikwa wapi hivi sasa. Ni kitu kidogo, lakini aliyekiongeza aliwafikiria watu wanaoamshwa usiku.

Halafu kuna ruhusa. Mtu anahamisha logi kwenda diski mpya, anampa mtumiaji wa mysql umiliki wa saraka, kila kitu kinaonekana sawa, na bado hakuna mstari. Ubuntu wana AppArmor na Red Hat wana SELinux, walinzi wanaoangalia orodha yao wenyewe bila kujali umiliki. Kukataliwa huko kunaandikwa, ila kwenye logi ya kiini cha Linux au ya ukaguzi.

Mahali penye mitego mingi kuliko pote ni mzunguko wa mafaili, na hapa ndipo kijana wetu alipo bila kujua.

Kila usiku programu ya logrotate hulibadilisha jina faili la jana, huunda jipya tupu, kisha huiambia seva: funga ulichoshika, fungua kipya. Hatua hii ya tatu ni ya lazima, kwa sababu katika Linux mchakato haushiki jina la faili; unashika faili lenyewe. Badilisha jina, hamisha, hata futa: mchakato utaendelea kuandika mlemle. Kwenye Ubuntu ujumbe wa "fungua kipya" hupelekwa kwa amri ya mysqladmin flush-logs, ikiingia kwa akaunti maalumu ya debian-sys-maint ambayo nywila yake imehifadhiwa ndani ya /etc/mysql/debian.cnf. Sasa mtu akirejesha kanzidata nzima kutoka seva nyingine, pamoja na majedwali ya watumiaji, nywila ya akaunti ile inakuwa ya seva ya zamani, na lile faili la debian.cnf halijui. Kuanzia usiku huo mlango umefungwa. Faili jipya linaundwa, tupu, lenye jina sahihi na umiliki sahihi. Seva haikuambiwa. Inaendelea kuandika kwenye lile la zamani. Waliotunga hati hiyo ya mzunguko waliliona jambo hili likija: wameacha maoni ndani yake yakiuliza iwapo ni kweli mysqld haipo, au ni akaunti ya debian-sys-maint ndiyo iliyokosekana.

Baada ya wiki tatu diski inakaribia kujaa, mtu mwingine anafuta mafaili ya zamani ya logi ili kupata nafasi. Nafasi haipatikani. Amri ya du inasema saraka ni nyepesi, amri ya df inasema diski imejaa, na wote wawili wana haki, kwa sababu faili limeondolewa jina lakini halijaondoka: seva bado imelishika, na inaendelea kuandika ndani ya kitu ambacho hakina jina tena.

Na hapa ile huduma ya kwanza tuliyofundishwa wote, zima kisha uwashe, ndiyo inayoua ushahidi. Ukiizima seva, mkono unaachia, na kiini cha Linux kinalifuta faili moja kwa moja. Kabla ya kuzima chochote, tazama /proc, ndani ya saraka ya mchakato wa mysqld, kwenye fd: amri ya ls -l itaonyesha kila kilichoshikwa, na kile kilichofutwa kitakuwa na neno deleted mwishoni. Kinakili kwa cp kutoka hapohapo. Kila kilichoandikwa kwa wiki tatu kiko mle. Ukishakuwa nacho mkononi ndipo urekebishe akaunti na kutoa amri ya FLUSH ERROR LOGS, na seva itafungua faili sahihi bila kuzimwa.

Wako wanaokwepa shida hii kwa copytruncate: logrotate inanakili faili kisha inalipunguza hadi sifuri, seva haiambiwi kitu. Njia hiyo inafanya kazi, lakini mistari iliyoandikwa baada ya kunakili na kabla ya kupunguza inakwenda. Ni muda mfupi sana, na kwa kanzidata iliyotulia huenda usione hasara maisha yako yote. Kwa kanzidata iliyo matatizoni, inayoandika mfululizo, ndiyo saa ambayo mistari ni mingi.

Mzunguko una umri pia. Vifurushi vya PostgreSQL vya mradi wenyewe kwa familia ya Red Hat hupanga faili moja kwa kila siku ya wiki, na faili la Jumatatu hufutwa Jumatatu inayofuata. Ukiambiwa leo tatizo la siku nane zilizopita, umechelewa. SQL Server huhesabu kwa namna nyingine: huhifadhi mafaili sita ya zamani, na kila kuwashwa upya hufungua jipya. Huduma ikianguka na kujiinua mara saba mfululizo, mafaili sita yaliyobaki yanaeleza kuanguka kwa baadaye tu, na sababu ya kuanguka kwa kwanza imesukumwa nje ya rafu. Idadi hiyo inaweza kuongezwa hadi 99, na sijui sababu nzuri ya kuiacha sita.

Hadi hapa mistari ilikuwapo mahali fulani, au haikukusudiwa. Upotevu wa kweli, ule wa ujumbe uliotoka kwenye seva usifike popote, unatokana na swali ambalo kila mtengenezaji wa mifumo ya logi alilazimika kulijibu: mwandishi akizidiwa na maneno, tumsubiri au tuyaache yaanguke?

Syslog, aliyoianzisha Eric Allman huko Berkeley miaka ya 1980 kama sehemu ya mradi wa barua wa Sendmail, ilichagua kutosubiri. Ilisafirisha ujumbe kwa UDP, mlango namba 514, bila stakabadhi ya kupokelewa. Barua imetumwa, ikifika, ikafika. PostgreSQL ilipotengeneza mkusanyaji wake ilichagua kinyume: mkusanyaji hapotezi ujumbe, lakini chini ya mzigo mkubwa mno michakato ya kanzidata inaweza kusimama ikimsubiri. Nyaraka zake zinasema hivyo waziwazi na kuiweka syslog kama njia ya anayependelea kupoteza kuliko kusimama. Journald iko katikati: huweka mipaka. Kwa mpangilio wa sasa, huduma moja ikituma zaidi ya ujumbe 10,000 ndani ya sekunde 30, zinazozidi hutupwa, na unaachiwa mstari mmoja wa kukiri kwamba ujumbe kadhaa ulizuiwa. Tena, kama saraka ya /var/log/journal haikuundwa, journald katika mifumo mingi huhifadhi kila kitu ndani ya /run, yaani kwenye memori, na mashine ikizimwa vyote vimekwenda.

Siwezi kusema upande mmoja una haki daima. Duka la mtandaoni linaweza kuvumilia kupoteza ujumbe kuliko kusimamisha wanunuzi. Chama cha akiba hakiwezi. Kinachonikera ni kwamba watu wachache sana wamewahi kuulizwa. Walikuta uamuzi umeshafanywa na kifurushi walichokipakua.

Diski ikijaa, logi iliyo juu ya diski hiyohiyo haina pa kuandika habari za kujaa. Hili halihitaji maelezo marefu: weka logi na data kwenye sehemu mbili tofauti.

Kifo ndicho kimya kigumu kuliko vyote. Memori ikiisha, kiini cha Linux huchagua mchakato wa kuua, na kwenye seva ya kanzidata mchakato mkubwa kuliko yote ni kanzidata yenyewe. Huuawa kwa ishara namba 9, ambayo haikamatiki. Hakuna sekunde ya kuandika wasia. MySQL ni mchakato mmoja wenye nyuzi nyingi, kwa hiyo ukiuawa hakuna anayebaki ndani ya nyumba kusimulia. Logi yake itaonyesha siku ya kawaida, halafu ghafla mistari ya kuwashwa upya na InnoDB, injini yake ya kuhifadhi data, ikianza kujiponya, bila mstari wa kuzimwa katikati. Pengo hilo ndilo maelezo. Shahidi yuko nje: dmesg, au journalctl ya systemd iliyoshuhudia mchakato ukifa kwa KILL. PostgreSQL ina mchakato mzazi na watoto wengi, na mtoto akiuawa kwa ishara 9 mzazi huandika kwamba mtoto namba fulani amekufa kwa ishara hiyo. Muundo wa familia unaamua nani atatoa habari za msiba.

Umeme ukikatika, ni jambo jingine tena, na hili tunalijua kwa mwili. Mstari wa logi hauendi kwenye diski papo hapo. Unakaa kwenye memori ya kiini, ambacho katika mpangilio wa kawaida huiona data kuwa imekaa vya kutosha baada ya sekunde 30. Miamala ya InnoDB haitendewi hivyo: kigezo cha innodb_flush_log_at_trx_commit kikiwa 1, kila muamala uliothibitishwa unalazimishwa hadi diski kabla mteja hajaambiwa tayari. Kwa hiyo umeme ukirudi utakuta fedha za watu zipo zote, na huenda nusu dakika ya mwisho ya logi haipo. Kanzidata imelinda mali za wengine kuliko shajara yake. Nadhani ni sawa iwe hivyo, ila mchunguzi ajue.

Kama kimya kingi ni uamuzi, basi kuna pa kuuliza nani aliamua, na jibu lake mara nyingine lina jina. MySQL 8.0 ina jedwali la variables_info, ndani ya performance_schema: kila kigezo kilitoka wapi, katika faili gani, na kama kilibadilishwa seva ikiwa hai, nani alikibadilisha, saa ngapi, kutoka mashine ipi. PostgreSQL ina pg_settings, yenye jina la faili na namba ya mstari ulioweka kigezo. Nawasihi wanaosimamia mifumo ya watu wasome majedwali hayo kabla ya kusoma logi yenyewe. Ukikuta log_error_verbosity ni 1 na akaunti ya mtu aliyeiweka, mazungumzo ya dakika tano naye yatakueleza kuliko usiku mzima wa grep. Huenda alikuwa na sababu nzuri. Nimeona sababu nzuri.

Moja ya sababu hizo ni siri za watu. PostgreSQL inapoandika kosa la rekodi inayojirudia, hutaja ufunguo wenyewe: namba ya simu, namba ya kitambulisho, chochote kilichokuwa kwenye safu hiyo. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 na Tanzania ina yake ya mwaka 2022, na logi iliyosheheni namba za simu za wanachama ni data binafsi kama jedwali lenyewe, tena mara nyingi isiyolindwa. Lakini sheria ileile ya Kenya inampa mdhibiti wa data saa 72 kumjulisha Kamishna pale data inapoingiliwa na kuna hatari ya madhara kwa wenye data hiyo. Saa 72 ni chache mno kwa mtu ambaye siku hiyo ndiyo anagundua kwamba logi yake haina wiki tatu. Mizani hii hairahisishwi kwa kuwasha kila kitu wala kwa kuzima kila kitu. Inataka mtu akae aamue, aandike aliamua nini.

Na ajaribu. Njia ya logi isiyojaribiwa haijulikani kama ipo. Kwenye PostgreSQL, SELECT 1/0 inatosha. Kwenye SQL Server, RAISERROR pamoja na WITH LOG. Kwenye MySQL, pandisha usemaji hadi 3 kisha jaribu kuingia kwa nywila ya uongo. Fanya hivyo asubuhi inayofuata mzunguko wa logi, kwa sababu usiku ule ndio njia hukatika, halafu uufuate mstari wako kuanzia seva hadi kwenye kibao cha ufuatiliaji ukihesabu saa.

Kijana wetu alipopigiwa tena na mhasibu kesho yake, hakuzima seva. Alitazama /proc, akakuta kishikio kimoja chenye neno deleted, akanakili. Ndani, 17:07 na herufi Z: diski ya data imejaa, kuandika kwenye binlog (logi ya mabadiliko ya data) kumeshindikana, seva inasubiri mtu aachilie nafasi na itajaribu tena baada ya sekunde 60. Nakala rudufu ya jioni ilikuwa ikiandika faili lake la muda kwenye diski hiyohiyo, na ilipomaliza ikalifuta. Mstari kama huo ulikuwapo pia Ijumaa iliyotangulia, na Ijumaa iliyotangulia hiyo.